Kiti cha Kuhani

Mume wangu alifia mlangoni mwa duka la viatu, mchana kweupe, akiwa amevaa sare yake ya ulinzi. Walinipigia simu kazini. Nilikuwa nalea wazee katika nyumba moja ya wazee, na simu ilipoletwa nilikuwa namvalisha bibi mmoja soksi. Nilisikiliza, nikasema asante, nikairudisha simu, nikamalizia mguu wa pili. Nikiwasimulia watu jambo hilo wananitazama kwa jicho baya. Sasa nimwache bibi wa watu na mguu mmoja wazi? Nilimvalisha, nikamfunika blanketi, ndipo nikaenda kutafuta koti langu.

Kuanzia hapo nilikufa ganzi. Huzuni ninaijua, nimezika wazazi wangu wote wawili na nililia mpaka sauti ikakauka. Hii haikuwa huzuni. Ilikuwa kama ule mdomo daktari wa meno akishakuchoma sindano: unaushika kwa kidole, unajua upo, lakini si wako. Niliulizwa maswali nikajibu. Niliwekewa chakula nikala. Binti yetu, ambaye bado alikuwa anasoma sekondari, alijifungia bafuni kulia, na mimi nikasimama nje ya mlango nikiwaza kwamba taulo safi zote ziko humo ndani.

Ninachotaka kueleza ni habari ya mzee mmoja wa Kiyahudi na kiti tulichomwekea siku ya kumuaga mume wangu. Lakini haitaeleweka nisiporudi nyuma kidogo.

Tulifika London mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kwetu Usambara mume wangu alikuwa mwalimu wa sekondari, wa historia na maarifa ya dini, mtu ambaye akipita njiani watoto wanazima kelele. London vyeti vyake havikumshtua mtu. Akawa mlinzi wa maduka. Kimo alikuwa nacho, mwili alikuwa nao, akapewa koti jeusi na redio ya mkononi, akasimama milangoni mwa watu tangu binti yetu yuko mgongoni hadi siku aliyoanguka. Yeye hakulalamika. Mimi ndiye niliyelalamika kwa niaba yake, na niliifanya kazi hiyo vizuri.

Jumapili alasiri tu ndipo alipokuwa mwalimu tena. Tulikuwa na ushirika wetu wa Kiswahili hapo Ilford, Watanzania na Wakenya, wengi wetu manesi, walezi wa wazee na wanafunzi, na kabla ya ibada yeye alipewa nusu saa ya mafundisho. Ukumbi tuliupanga kwa Wayahudi. Ulikuwa umeshikamana na sinagogi lao, chini ya paa moja, na katikati kuna mlango uliokuwa ukifungwa. Zamani, tuliambiwa, mtaa ule ulikuwa wa Wayahudi, na siku za sikukuu watu walikosa pa kukaa. Tulipofika sisi, vijana wao walikuwa wameshahamia nje zaidi ya mji, kwenye nyumba zenye bustani, na duka lao la mikate lilikuwa limegeuka duka la sari. Walibaki wazee, na jengo kubwa lililowashinda gharama za kulipasha joto. Masharti yao yalikuwa machache: tusitundike msalaba ukutani, tusilete nyama wala kupika chochote jikoni kwao, kwa ajili ya sheria zao za chakula, na tukiondoka viti virudi mahali pake. La jikoni akina mama walilinung'unikia mpaka wakachoka. Ibada isiyo na sambusa wala chai ya maziwa waliiona kama adhabu.

Funguo za ukumbi alikuwa nazo mzee mmoja aliyefiwa na mkewe siku nyingi, mtu mfupi, msafi, ambaye maisha yake yote alikuwa na duka la miwani. Kazi yake ilikuwa afungue, aende zake, arudi kufunga. Lakini hakuwa anakwenda. Alikaa kiti cha nyuma kabisa, kofia kichwani, akimsikiliza mume wangu akifundisha kwa lugha asiyoijua hata neno. Siku moja baada ya ibada alimuuliza ni somo gani linalomtoa jasho vile. Mume wangu akamjibu kwamba anafundisha habari za Wakristo wa kwanza.

"Basi unafundisha habari za Wayahudi," mzee akasema.

Hapo ndipo shida yangu ilipoanza. Tangu siku hiyo ibada ikiisha, watu wakiondoka, wawili hao walibaki wameketi, mmoja mkubwa mmoja mdogo, wakibishana juu ya kurasa, na mimi nimesimama mlangoni na koti langu nimeshalifunga vifungo vyote. Mtoto ananivuta mkono. Basi la kwenda nyumbani linapita. Nikikohoa, mume wangu ananyoosha kidole kimoja bila kugeuka, maana yake dakika moja, na dakika yake ilikuwa na miguu mirefu.

Aliyoyachota kwa mzee aliyaleta kwetu Jumapili iliyofuata. Alitufundisha kwamba wale wa kwanza walikwenda hekaluni kusali saa zilezile walizokuwa wakienda siku zote, na siku ya saba walipumzika kama majirani zao. Hakuna aliyewaambia kwamba wamebadili dini. Ungemkuta mmoja wao sokoni ukamuuliza yeye ni nani, angekujibu ni Myahudi, na kwamba Masihi waliyemngoja ameshakuja, basi. Sisi watu wa mataifa tuliingia baadaye, kama wageni waliofika chakula kimeshaanza, na ilibidi wenye nyumba wafanye mkutano mzito kuamua watufanyeje na sisi tunakula nini. "Na leo," alisema, "wageni tumekalia viti vyote, tunamuuliza mwenye nyumba amefuata nini."

Watu hawakupenda. Wengine walianza kuchelewa makusudi ili wakute nusu saa yake imekwisha. Vijana walimbandika jina la Rabi. Mama mmoja wa Kikenya, mcheshi, alikuwa akiniuliza mlangoni, "Mama Mwalimu, na hii Christmas tutachinja ama tutafunga?" Nilicheka naye. Kwa kweli na mimi nilichoka. Mwenyekiti wa ushirika, mtu mwema lakini akishashika neno halegezi, alimwambia mbele yetu wote kwamba mtu akishaokoka mambo ya nyuma yamekwisha.

"Wewe ulipookoka uliacha kuwa Mchaga?" mume wangu akamuuliza.

Ukumbi mzima ulicheka, na mwenyekiti naye akacheka, ila kwa meno tu.

Mimi nilikuwa na swali langu moja, na halikuhusu Maandiko. Nilitaka kujua mzee yule anamwona mume wangu ni nani. Rafiki? Au ni mtu wa kumchangamshia Jumapili yake, kwa kuwa nyumbani hana wa kuongea naye? Mume wangu hakuwa na rafiki mwingine katika mji ule. Ndugu wa ushirikani walimheshimu na kumkwepa. Kazini walimwita kwa jina la koti lake, mlinzi, basi. Mzee wa miwani ndiye peke yake aliyekuwa akimngojea kwa hamu, au ndivyo mume wangu alivyoamini, na imani hiyo ilimfanya atembee ameinua kichwa hadi Jumatano. Ilinitisha. Nilijua akigundua kwamba ni mpangaji tu kama wapangaji wengine, atavunjika.

Nilikuwa na ushahidi wangu. Mzee hakuwahi kukanyaga kwetu. Tulimwalika Krismasi, hakuja. Tulimwalika kipaimara cha binti yetu, akaleta zawadi ukumbini wiki moja kabla, na siku yenyewe hakuja. Nikamwambia mume wangu, "Rafiki gani asiyekula kwako? Kwetu mtu asiyekula kwako ana lake moyoni."

"Mambo ya meza ni magumu," alinijibu. "Hata wale wa kwanza meza ndiyo iliyowashinda. Kusali pamoja walisali. Kula pamoja ndiko kulikowatoa jasho."

"Mimi sikuulizi wale wa kwanza. Nakuuliza huyu wa mwisho."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Yule mzee anajua mimi ni nani, mke wangu." Sikumwamini. Nilinyamaza kwa sababu ugali ulikuwa unapoa.

Miezi michache kabla ya kufa alirudi nyumbani usoni kama mtu aliyeokota kitu. Mzee wa miwani, kumbe, ni wa ukoo wa makuhani. Si cheo cha kusomea. Ni uzao, baba kwa mwana, tangu kuhani wao wa kwanza kabisa kule jangwani. Siku za sikukuu huvua viatu, hufunikwa shuka la sala, huinua mikono na kuwabariki watu. Mume wangu aliniambia hayo amesimama katikati ya jiko, hajavua koti. Jumapili ile akafundisha jinsi makuhani wengi wa hekalu walivyoingia katika ile jamii ya kwanza ya waamini. Jambo hilo, alisema, limeandikwa kwa mstari mmoja tu na watu hulipita kama kituo cha basi kisicho chao. Akauliza: walipoamini, waliacha kuwa makuhani? Akajibu mwenyewe kwamba hawakuweza kuacha, kama vile mtu asivyoweza kuacha kuwa mtoto wa babaye. Basi ile jamii ya kwanza ilikuwa na makuhani ndani yake, na sheria zao zote wamezibeba. Alisema atatueleza sheria hizo Jumapili nyingine. Hakuwahi kuzieleza, maana mwenyekiti alimwomba apumzike kidogo na somo hilo, afundishe juu ya ndoa.

Kisha akafa.

Kwao walisema kwa simu, baada ya kulia na kushauriana, azikwe hukohuko. Nikasema sawa. Mwenyekiti alikuja na kamati yake, wakakaa sebuleni kwangu, na hapo nilitoa ombi langu pekee: mwili wake uingie ukumbini. Milango yote aliyosimama katika mji huu ilikuwa ya watu wengine. Ule ukumbi ndiyo nyumba pekee aliyokuwa anaingia ndani na kusema. Mwenyekiti alisita. Aliona Wayahudi hawatakubali jeneza. Lakini alikwenda, nampa haki yake, na akarudi na jibu: wamemuuliza rabi wao, na rabi amesema hakuna kizuizi, mwili unaweza kuingia, mradi ule mlango wa katikati ufungwe.

"Na yule mzee?" nikauliza. "Yule wa funguo?"

"Atakuwapo, Mama Mwalimu. Atatufungulia. Tumeona tumpe nafasi ya mbele kabisa. Si ni kuhani? Kuhani atakaa wapi kwenye msiba kama si karibu na marehemu?"

Niliona ni sawa. Sisi ndivyo tulivyolelewa. Msibani kasisi yuko pale kichwani mwa jeneza; ndiye wa kwanza kufika na ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Wakachukua kiti kizuri kuliko vyote, chenye mikono, wakakifunika kitambaa cheupe, wakakiweka mbele, kati ya kiti changu na mahali litakapokaa jeneza. Mtu angenyoosha mkono pale angeligusa.

Siku ya kumuaga tulifika mapema na binti yangu. Mzee alikuwa ameshafungua, amewasha joto, na viti vyote amevipanga mwenyewe, mistari imenyooka. Alikuwa anapita akivifuta kwa kitambaa. Aliniona, akanikazia macho, akainamisha kichwa. Hakuja kunipa mkono, hakusema pole. Akatazama kile kiti cheupe, sijui alikuwa ameambiwa au alikisia tu, akasimama mbele yake kidogo. Gari la maiti lilipotokea kwenye kona alikunja kitambaa chake akakitia mfukoni, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Jeneza likaingia. Watu wakajaa, hata wale wa kuchelewa makusudi. Mwenyekiti alisimama, akasalimu, akasema kwa Kiswahili halafu kwa Kiingereza: "Kabla hatujaendelea, tunamwomba mzee wetu, rafiki wa marehemu, kuhani wa Mungu, apite mbele kwenye nafasi yake."

Hakuna aliyepita. Shingo zikageuka nyuma. Mwenyekiti akarudia, na aliporudia ikawa vibaya zaidi. Mama mmoja nyuma yangu akasema, si kwa kunong'ona, "Hayupo. Ameshaondoka." Binti yangu aliinuka nusu akatazama kwenye vioo vya dirisha.

"Mama, he's outside," akasema. "Yuko ng'ambo ya barabara. He's just standing there."

Nikageuka. Alikuwa ng'ambo kweli, kwenye ukingo wa njia ya miguu, mbele ya ua wa mtu. Mvua ya London ilikuwa inanyesha, ile ya kuudhi, isiyo kubwa wala isiyokatika. Hakuwa na mwavuli. Alikuwa ametazama mlango wetu.

Ibada ilikwenda mwanzo hadi mwisho na kile kiti kitupu ubavuni mwangu. Walisema mengi mazuri juu ya mume wangu, watu waliokuwa wakimkwepa, na sikuwachukia wala kuwashukuru. Walipofungua jeneza nilisimama nikamtazama, nikaona wamemchania nywele upande usio wake, nikakaa. Kitu kimoja tu kilipenya ganzi yangu, nacho hakikuwa huzuni. Kilikuwa hasira ndogo, kavu. Nilimwambia mume wangu moyoni: umeona? Nilikuambia. Amekufungulia mlango kama anavyowafungulia watu wa karate siku ya Jumanne, kisha akaenda kusimama mbali nawe ng'ambo ya barabara. Na nilifurahi kwamba amekufa kabla ya kuliona hilo, na nikaona ajabu kwamba hiyo ndiyo furaha niliyobakiwa nayo.

Tulipotoka gari liliondoka polepole. Mzee naye akaanza kutembea, upande wake uleule wa barabara, sambamba na gari, kofia imelowa, mpaka kwenye kona. Hapo akasimama. Nikawaza: anahakikisha tumekwenda. Makaburini hakuja.

Siku iliyofuata tulikuwa nyumbani kwangu, kwenye matanga. Ghorofa yetu ilikuwa juu ya duka la simu, sebule ndogo, na akina mama walikuwa wameijaza kwa chupa za chai na masufuria ya pilau yaliyofungwa kwa taulo. Samani zimesukumwa ukutani. Mimi nilikuwa chini, kwenye godoro, kama ilivyo kwetu mfiwa kukaa. Mwenyekiti alikuwapo na wazee wawili wa ushirika. Mazungumzo, niliyasikia vizuri ingawa waliteremsha sauti, yalikuwa juu ya Myahudi. Mwenyekiti alisema ametudhalilisha. Yule mama mcheshi, safari hii bila ucheshi, akasema, "Afadhali angekataa tu mapema. Aseme hawezi kukaa na mtu mweusi amekufa, tujue."

Kengele ikalia. Binti yangu alikwenda kufungua chini, na akapanda naye.

Katika miaka yote ile ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ngazi zetu. Alikuwa anahema. Mkononi alikuwa na mfuko wa karatasi, akampa binti yangu, na ndani, tuliona baadaye, mlikuwa na mayai ya kuchemsha, ambayo kwao ndiyo chakula cha wafiwa. Alitutazama, akaniona mimi niko chini, na akaitikia kwa kichwa kana kwamba hilo peke yake analielewa. Akavuta kiti cha karibu na godoro langu. Akakaa. Na akanyamaza.

Kwetu mtu anaanza kusema pole akiwa bado kwenye ngazi. Huyu alikaa na mikono magotini, macho kwenye zulia, kimya. Wengine wakaacha kuongea. Mtu akamletea chai ya maziwa, akaipokea, akaishika tu. Kimya kilizidi mpaka kikawa kama mtu mwingine aliyeingia naye.

"Hata pole hana?" mama mmoja akasema kwa Kiswahili.

Nilidhani amekuja kutafuta maneno ya kujitetea na ameyakosa. Nikaona nimsaidie aende zake. Nikamwambia kwa Kiingereza, "Tulikuwekea kiti."

Aliinua uso mara moja, kana kwamba ndilo alilokuwa akilingoja. Baadaye nilikuja kujua kwamba kwao ndivyo: anayekuja kwa mfiwa hafungui kinywa mpaka mfiwa aseme kwanza.

"Nilikiona," akasema. "Hakuna aliyewahi kuniwekea kiti kama kile."

"Hukukikalia."

"Sikuweza. Sisi wa ukoo wa makuhani tunakatazwa kuwa chini ya paa moja na maiti. Haturuhusiwi kumgusa, wala kwenda makaburini. Ni sheria ya tangu mwanzo. Mume wako alikuwa anaijua, tuliizungumza sana."

Mwenyekiti akajisogeza mbele. Kwa heshima, lakini kwa ile sauti yake ya kutolegeza, akasema, "Mzee, samahani. Rabi wenu mwenyewe alisema hakuna kizuizi. Alisema tuingize mwili."

"Ni kweli."

"Basi ulikuwa na ruhusa."

Mzee aliweka kikombe chini. Nilimwona anatafuta namna ya kusema, na nilidhani sasa ndiyo atadanganya.

"Nilikuwa na ruhusa," akasema. "Rabi wetu ni mtu mzuri, alitaka kuwasaidia, akatazama vitabu. Na vitabuni wako walimu wanaosema kwamba sheria hii ni kwa maiti wa Kiyahudi peke yake. Maiti wa mtu wa mataifa, wanasema, hanajisi nyumba. Kwa hiyo jeneza lingeweza kuingia, na mimi ningeweza kuingia nikakaa kwenye kiti changu. Rabi aliniambia hivyo mwenyewe, kwa wema."

"Sasa?" nikauliza.

Akanigeukia mimi. "Sasa ili nivuke ile barabara ingenibidi niseme moyoni kwamba aliyelala mle ndani si maiti kama maiti wetu. Angekuwa kaka yangu wa tumbo moja ningeingia. Kwa ndugu wa damu sheria inaniruhusu. Angekuwa si kitu kwangu, ningeingia pia, kwa ile ruhusa. Lakini alikuwa rafiki yangu. Kwa rafiki sina ruhusa. Ilinibidi nisimame nje, kama ninavyosimama nje ya mazishi ya rafiki zangu wote."

Wote pale walikuwa wanajua Kiingereza, hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Mwenyekiti alikuwa ameinamisha kichwa anajitazama viatu.

Na mimi ganzi ilinitoka. Nilikuwa nimeizoea, nikadhani ndivyo nitakavyokuwa, na ikatoka kwa mpigo mmoja, na kila kitu kilichokuwa chini yake kikauma kwa pamoja. Mume wangu alikuwa anajulikana. Katika mji ule wote, mtu mmoja alijua yeye ni nani, na alilowa mvua kwa sababu hiyo. Nililia kwa sauti, kwa kugaagaa, kama tunavyolia kwetu, binti yangu akanikumbatia na akina mama wakaniangukia, na mzee akabaki palepale kwenye kiti chake hadi nilipomaliza, hakuniambia ninyamaze.